Kipofu Aliyeiliza Gita

Mpenzi wa nyimbo za Kiarabu hapa Pwani hahitaji kuelezwa Fairuz ni nani. Katika miaka ya 1980, Lebanon ilipokuwa ikiteketea kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1975, bibi huyo alitoa wimbo uitwao "Li Beirut", yaani "Kwa Beirut", ambao maneno yake yalitungwa na mshairi Joseph Harb. Ni wimbo wa kuusalimu mji ulioumizwa, na aliyeusikia mara moja huukumbuka kwa mahadhi yake, ambayo hupanda polepole, yakazunguka, kisha yakashuka kama mtu anayetaka kusema neno likamkwama kooni.

Basi ajabu ni hii. Mahadhi yale hayakutungwa Beirut, wala mtunzi wake hakuwa Mwarabu. Yalitungwa mjini Paris mwaka 1939, zaidi ya miaka arubaini kabla ya Fairuz kuyaimba, na aliyeyatunga ni Mhispania kipofu, jina lake Joaquín Rodrigo. Hakuyatunga kwa ajili ya sauti ya mwanadamu, bali kwa ajili ya gita na okestra. Na zaidi ya hayo, yeye mwenyewe hakuwa mpiga gita!

Wala si Fairuz peke yake aliyeyachukua. Mwaka 1960 mpiga tarumbeta mashuhuri wa Marekani, Miles Davis, aliyatia katika santuri yake "Sketches of Spain". Mwaka 1967 Richard Anthony, mwimbaji wa Kifaransa ambaye alizaliwa Cairo, aliyaimba kwa maneno ya mapenzi. Tangu hapo mahadhi hayo yamepita katika mikono mingi hata imekuwa shida kujua nani ameyachukua kwa nani. Wimbo unajulikana dunia nzima, lakini mwenyewe ukimtaja watu hukuuliza, "Ni nani huyo?" Na walio wachache zaidi ni wale wanaojua kwamba ndani ya mahadhi hayo mna msiba wa nyumbani, ambao mwenyewe na mkewe waliufunika kwa muda mrefu.

GIZA LA MAPEMA

Rodrigo alizaliwa tarehe 22 Novemba 1901 katika mji mdogo wa Sagunto, ulio karibu na Valencia, upande wa mashariki wa Hispania. Alipofika umri wa miaka mitatu, maradhi ya dondakoo yaliingia katika mji huo. Siku zile, kabla ya chanjo kuenea, dondakoo likiingia nyumba yenye watoto lilikuwa haliondoki bure. Mtoto huyu halikumuua, lakini liliondoka na macho yake.

Jamaa zake walihamia Valencia, naye akatiwa katika shule ya vipofu. Alianza kufundishwa muziki akiwa na umri wa miaka minane, kwa piano na fidla, na alipokuwa kijana wa miaka kumi na sita akaanza kusomeshwa elimu ya utunzi. Alipokuwa mtu mzima alikuwa akisema kwamba pengine ni maradhi yale ndiyo yaliyompeleka kwenye muziki. Hakulisema kwa kujionea huruma. Alilisema kama mtu anayeeleza njia aliyopita kuja mjini.

Wazee wake walikuwa na uwezo kiasi, na wakamwajiria kijana mmoja aitwaye Rafael Ibáñez awe mwenzake, msomaji wake na karani wake. Ibáñez alimsomea vitabu vya mashairi na falsafa, akamshika mkono njiani, na kubwa zaidi, akamwandikia muziki wake.

Hapa inafaa msomaji aiwaze kazi yenyewe ilivyo. Mtunzi mwenye macho hutandaza karatasi mezani, akaona kwa mtupo mmoja wa jicho fidla zinafanya nini, filimbi zinafanya nini, na tarumbeta zimenyamaza wapi. Kipofu hana ukurasa wa kuutazama. Yeye hutumia maandishi ya nukta nundu aliyoyabuni Louis Braille, Mfaransa ambaye naye alikuwa kipofu na mwanamuziki, na ambaye kwa nukta zile zile sita alizowapangia vipofu herufi, aliwapangia pia noti. Kidole husoma mstari wa chombo kimoja tu kwa wakati mmoja. Vyombo vingine vyote lazima mtu avishike kichwani. Rodrigo alikuwa akiandika hivyo kwa mashine ya nukta nundu, kisha akaketi na karani mwenye macho, akamsomea kwa imla noti moja baada ya nyingine: ni chombo gani, noti gani, idumu kiasi gani, ipigwe kwa nguvu au kwa upole. Utungo wa dakika ishirini kwa okestra una maelfu ya noti. Namna hii ndivyo alivyotunga maisha yake yote, miaka zaidi ya sitini.

Mwaka 1924 utungo wake wa okestra, "Juglares", ulipigwa Valencia. Mwaka 1926 aliandika kipande chake cha kwanza cha gita, "Zarabanda lejana", kwa kumkumbuka Luis Milán, mwanamuziki wa Valencia wa karne ya 16. Hispania ya siku zile ilikuwa ndogo kwa kijana mwenye tamaa ya elimu. Njia ilikuwa moja, nayo ilikwenda Paris.

BINTI WA ISTANBUL

Alifika Paris mwaka 1927 akaingia katika chuo cha École Normale de Musique, chini ya mwalimu Paul Dukas, akasoma kwake kwa miaka mitano. Huko alikutana na Manuel de Falla, aliyekuwa mtunzi mkubwa kuliko wote wa Hispania. Mwaka 1928 Wafaransa walipomfanyia Falla hafla ya kumvika nishani, mzee huyo alishikilia kwamba siku hiyo zipigwe pia kazi za vijana wa kwao. Rodrigo akaketi kwenye piano mbele ya watu wakubwa wa muziki wa Paris. Wakubwa wa kazi yoyote wanaofanya hivyo siku yao wenyewe ya kusifiwa si wengi.

Paris hiyo hiyo ndiko alikoonana na Victoria Kamhi. Bibi huyu alikuwa mpiga piano hodari, mzaliwa wa Istanbul, wa ukoo wa Mayahudi wenye asili ya Hispania. Msomaji atakumbuka kwamba mwaka 1492, mwaka ule ule Granada ilipoanguka mikononi mwa wafalme wa Kikristo, Mayahudi nao waliamriwa kutoka Hispania, na wengi walipokewa katika nchi za Sultani wa Uturuki. Walikaa huko karne nne na zaidi, na nyumbani mwao wakaendelea kusema Kihispania cha babu zao. Basi Victoria alipoolewa na Rodrigo mjini Valencia tarehe 19 Januari 1933, ilikuwa kama mjukuu aliyerudi kwenye mji waliofukuzwa wazee wake. Miaka mingi baadaye, mwaka 1965, mumewe alitunga nyimbo nne kutokana na nyimbo za zamani za Mayahudi hao.

Mwanamke huyu aliacha kazi yake ya kupiga piano mbele ya watu ili awe macho ya mumewe. Alijua lugha nyingi, akamfasiria, akamwandikia barua, akasahihisha nakala za muziki kabla hazijapigwa chapa. Habari za Rodrigo zikisimuliwa bila ya Victoria huwa nusu hadithi.

Lakini mapenzi hayalipi kodi ya nyumba. Mambo ya fedha yaliwawia mazito, hata mwaka 1934 ikawabidi kutengana kwa muda, Victoria akarudi kwa wazee wake Paris, na Rodrigo akabaki Hispania. Ni katika upweke huo alipoandika "Cántico de la esposa", wimbo wa mke anayemtafuta mpenzi wake, na wajuao kazi zake huuweka miongoni mwa nyimbo zake bora kabisa. Mwaka uliofuata alipata msaada wa masomo, wakarudi Paris pamoja. Kisha mwezi wa Julai 1936 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikalipuka Hispania. Msaada ukakatwa. Mume na mke wakawa hawana nchi ya kurudi wala fedha za kukaa. Walikwenda Ujerumani, wakapata hifadhi katika nyumba ya vipofu mjini Freiburg, wakawa wanaishi kwa kufundisha muziki na lugha ya Kihispania.

CHAKULA CHA MCHANA

Mwezi wa Septemba 1938 Rodrigo alikuwa San Sebastián, kaskazini mwa Hispania, vita havijaisha bado. Alialikwa chakula cha mchana na watu wawili. Mmoja alikuwa mwungwana wa ukoo mkubwa, Marquis wa Bolarque, na wa pili Regino Sainz de la Maza, mpiga gita mashuhuri. Mazungumzo yakanoga, na katikati ya chakula Sainz de la Maza akamwambia Rodrigo amtungie utungo mkubwa wa gita na okestra. Rodrigo akakubali pale pale.

Kukubali ni kwepesi. Gita ya nyuzi za matumbo ya wanyama, isiyotiwa umeme, ni chombo chenye sauti ndogo. Wapenzi wa taarabu wanalielewa jambo hili bila ya kufundishwa: udi ukiwekwa kando ya kodiani na ngoma hausikiki, ila wenzake waupishe. Okestra ya Kizungu ina fidla kwa makumi. Zikipigwa zote pamoja, mpiga gita angeweza kuvunja kucha zake zote na watu wa viti vya nyuma wasijue kwamba anapiga. Watunzi wakubwa walikuwa wameikimbia kazi hiyo.

Rodrigo aliitatua kwa busara ya mtu aliyezoea kusikiliza gizani. Hakutia ngoma katika okestra yake. Gita inapozungumza, hukuacha kuisindikiza ila filimbi moja, au nyuzi chache zinazogonwa kwa vidole. Inaponyamaza, okestra nzima hunyanyuka. Sikio, ambalo limezoeshwa unong'ono wa gita, huona okestra ni kubwa kuliko ilivyo, na gita inaporudi mtu hujikuta ameinama mbele kuisikiliza. Mwanzo kabisa wa utungo huo gita iko peke yake, ikichapwa nyuzi zote kwa pamoja kwa mtindo wa wapigaji wa Andalus, kana kwamba inabisha hodi.

Akauita "Concierto de Aranjuez". Aranjuez ni mji ulio kusini mwa Madrid, kando ya mto Tagus, wenye kasri la wafalme na bustani kubwa. Rodrigo na Victoria waliwahi kutembea katika bustani hizo siku za fungate lao. Alieleza mwenyewe kwamba alitaka utungo huo uwe na harufu ya maua ya mgnolia, sauti za ndege, na mbubujiko wa maji ya chemchemi. Harufu, ndege na maji: vyote vitatu havihitaji macho.

MTOTO

Utungo una sehemu tatu. Ya kwanza na ya tatu ni za furaha, nyepesi, zenye mwendo wa kucheza. Ni ile ya katikati, ya polepole, ndiyo iliyoizunguka dunia. Na kwa miaka mingi watu walijiuliza: bustani gani hii ya kumliza mtu?

Wengine walisema kuwa ni maombolezo ya Guernica, mji wa Wabasque ulioshambuliwa kwa mabomu na ndege za Wajerumani na Wataliani tarehe 26 Aprili 1937. Maelezo hayo yaliwapendeza wengi kwa kuwa yaliupa wimbo siasa. Mwenyewe alikuwa akiwajibu watu kwa habari za bustani, akaishia hapo. Mwaka 1986 ndipo Victoria alipotoa kitabu cha maisha yao, na humo akaeleza mambo yalivyokuwa.

Mwaka 1939, wakiwa Paris katika nyumba ya kupanga ya mtaa wa wanafunzi, Victoria alikuwa na mimba yao ya kwanza. Mimba ile iliharibika. Mtoto hakupona, na mama mwenyewe aliugua sana. Rodrigo alibaki na giza lake, asiye na mtoto, na asiyejua kama mke naye atabaki. Sehemu ya katikati ya utungo ule, alisema Victoria, imechukua mambo mawili: kumbukumbu za siku za raha za Aranjuez, na huzuni ya mumewe kwa kumpoteza mtoto.

Aliye na nafasi na ausikilize sasa, akiyajua haya. Gita inaanza kwa kugonga polepole, mkwaju mmoja baada ya mwingine, haina haraka. Juu yake inaingia chombo cha jamaa ya zumari, cha utete maradufu kama zumari yetu, ila kirefu na chenye sauti nzito zaidi. Hicho ndicho kinachotoa yale mahadhi. Kisha gita inayapokea na kuyarudia, lakini haiyarudii kama ilivyoyasikia. Inayapamba, inayapindisha, inaongeza vinoti vidogo kama mpiga udi anavyofanya kabla ya kuingia wimboni. Wanaoijua Hispania husema wanasikia humo ule wimbo wa maombolezo ambao watu wa Andalus huuimba barabarani katika Wiki Takatifu ya Wakristo. Zumari na gita hupokezana hivyo kwa muda mrefu. Mpiga gita Pepe Romero, aliyekuwa karibu sana na Rodrigo, amesimulia kwamba mzee alimweleza kuwa ni mazungumzo na Mungu: kumwomba, kumlalamikia, na mwishoni kukubali. Karibu na mwisho gita huachwa pekee, ikapiga kwa hasira inayozidi kupanda, hata okestra nzima ikapasuka na kuyachukua mahadhi kwa sauti zake zote. Baada ya hapo utulivu unarudi, na gita inamalizia kwa vinoti vyembamba vinavyopaa juu hadi vikatoweka.

Mimi naona heri habari hii ilichelewa kutoka. Lau ingejulikana tangu mwanzo, pengine watu wangeusikiliza utungo kwa kuhurumia, wala si kwa kuupenda. Ulijijengea jina kwanza, kisha ndipo ukatajwa uchungu wake.

Mwanzoni mwa Septemba 1939, siku zile zile Ulaya ilipokuwa ikiingia vitani, mume na mke walirudi Hispania, na utungo umo ndani ya sanduku lao la safari. Ulipigwa mara ya kwanza Barcelona, katika ukumbi wa Palau de la Música, tarehe 9 Novemba 1940, Sainz de la Maza akiwa na gita yake na César Mendoza Lasalle akiongoza okestra. Mwezi uliofuata ukapigwa Madrid. Tarehe 27 Januari 1941 Victoria alijifungua salama mtoto wa kike, wakamwita Cecilia.

CHINI YA FRANCO

Hapa pana jambo ambalo haifai kulipita kimya. Hispania waliyoirudia ilikuwa ya Jenerali Franco, aliyeshinda vita kwa msaada wa Hitler na Mussolini. Falla, yule mzee aliyemshika mkono Rodrigo, alihamia Argentina mwaka 1939 na hakurudi akiwa hai, akafa mwaka 1946. Pablo Casals, bingwa wa selo, aliapa kutorudi maadamu Franco yuko, na alifariki ugenini mwaka 1973. Rodrigo alirudi, akapata kazi redioni na katika chama cha vipofu cha taifa, akaandika uhakiki wa muziki magazetini, na tangu mwaka 1947 akawa na cheo cha ualimu katika chuo kikuu cha Madrid.

Wapo waliomlaumu. Muziki wake, unaozikumbuka bustani za wafalme na ngoma za zamani, haukumuudhi mtawala yeyote, na serikali ile iliupenda. Lakini na tujiulize: kipofu asiye na fedha, mkewe akiwa Myahudi, na Wajerumani wakiinyatia Paris, alikuwa na mlango gani mwingine wa kubisha? Katika mwaka 1940 Wajerumani waliingia Paris, na yaliyowafika Mayahudi wa mji ule yanajulikana. Casals alikuwa na jina lililomfungulia milango ya dunia. Rodrigo wa mwaka 1939 hakuwa na jina hilo.

Jina lilikuja baadaye, nalo lililetwa na gita. Kijana Narciso Yepes aliupiga utungo huo Madrid mwaka 1947, kisha akautembeza Ulaya na kuutia katika santuri, na santuri hizo ndizo zilizoupeleka kote. Andrés Segovia, aliyekuwa mfalme wa wapiga gita wa zama zile, hakuupiga kamwe. Ulikuwa umetungiwa mtu mwingine. Rodrigo, ambaye hakupenda ugomvi, alimtungia wake mwaka 1954, "Fantasía para un gentilhombre", kutokana na vipande vya Gaspar Sanz, mpiga gita wa karne ya 17. Segovia aliuzindua San Francisco mwaka 1958, na manung'uniko yakaisha.

Kila bingwa alitaka chake: mpiga kinubi Nicanor Zabaleta alipata chake, Waromero, baba na wanawe watatu, wakapata utungo wa gita nne mwaka 1967, na mpiga filimbi James Galway akapata wake mwaka 1978. Ni kazi nyingi, na si zote zenye uzito mmoja. Nyingine ni tamu na hazibakii sikioni.

Kwa msomaji wa huku, pengine vinavyovutia zaidi ni vile vipande vidogo ambavyo Rodrigo aliitembelea Andalus kwa masikio. Kimoja cha gita kinaitwa "Junto al Generalife", na Generalife si neno ila Jannat al-Arif, zile bustani za watawala wa Kiislamu zilizo kando ya Alhambra mjini Granada. Kingine, cha mwaka 1963, ni cha kinubi na kinaitwa "Sones en la Giralda". Giralda ni mnara ulio Seville, ambao leo una kengele za kanisa, lakini ulijengwa na Waislamu mwishoni mwa karne ya 12 kuwa mnara wa msikiti mkubwa wa mji ule. Chombo wanachokiita Wahispania "laúd" jina lake ni letu sote: al-ud. Nasaba kamili ya gita ina mabishano, lakini hakuna anayebisha kwamba Andalus ni mahali ambapo vidole vya Kiarabu na vya Kihispania vilikaa mamia ya miaka juu ya nyuzi za jirani. Kwa hiyo Fairuz alipoyachukua mahadhi ya Rodrigo na kuyapeleka Beirut, hakuyapeleka ugenini sana. Msikilizaji Mwarabu aliyasikia mapambo yale ya gita akayatambua.

Mwaka 1991 mpiga gita mwingine, Paco de Lucía, mzaliwa wa Algeciras, bandari inayotazamana na Afrika kuvuka mlango wa Gibraltar, aliupiga utungo huo mzima mbele ya mzee mwenyewe. Paco, aliyefariki mwaka 2014, alikuwa mtu wa flamenko, na muziki wa kuandikwa hakuwa amesomea. Ilimbidi ajifunze noti zote kwa taabu hata akazihifadhi. Waliozoea gita ya vyuoni walikunja uso, kwa kuwa aliupiga kwa ukali wa flamenko. Lakini mtu asiyesoma noti kwa macho akimpigia mtunzi asiyeweza kuziona, sidhani kama kulikuwa na mtu katika ukumbi ule mwenye haki ya kulalamika.

Mwishoni mwa mwaka huo huo Mfalme Juan Carlos alimpa Rodrigo cheo cha Marquis wa Bustani za Aranjuez. Alikuwa na umri wa miaka tisini, na bustani zenyewe hakuziona hata siku moja.

Binti yake Cecilia alianzisha mwaka 1989 nyumba ya kuchapisha kazi za baba yake, na hapo ndipo panapolindwa haki za ule wimbo ambao kila mtu alikwisha kuuzoea kama wake. Victoria alifariki tarehe 21 Julai 1997, baada ya miaka 64 ya ndoa. Joaquín Rodrigo alimfuata tarehe 6 Julai 1999, mjini Madrid, akiwa na umri wa miaka 97. Hawakuzikwa Madrid, wala Sagunto, wala Valencia walikofunga ndoa. Wamelazwa pamoja Aranjuez.